Nina ekstensheni tano za kusoma na kusevu kurasa, nibaki na ipi?

"Habari za kazi mtaalamu. Mimi kazi yangu inanitaka nisome sana makala za kwenye intaneti. Nilikuwa natumia Pocket, huduma ya kusevu makala za kusoma baadaye, miaka mingi, ilipofungwa nikabaki na faili moja la linki tupu, na nikizifungua nyingine hazipo tena. Tangu hapo kila ekstensheni ya bure nikisikia ni nzuri naiweka, sasa hivi ninazo tano, kuna inayosafisha ukurasa nisome bila matangazo, kuna zinazosevu, na moja hata sikumbuki niliiweka ya nini. Brauza imekuwa nzito. Juzi nikaona onyo kwamba mojawapo inaweza kusoma na kubadilisha data yangu yote kwenye tovuti zote, nikashtuka maana humohumo ndo naingilia benki. Rafiki yangu anasema cha bure hakuna, wote wanauza data za watu, bora niwe natumia dirisha fiche (incognito). Je nibaki na ipi? Na makala zangu nizitunzeje zisipotee tena?"

Asante kwa swali, na pole sana kwa hizo makala. Uchungu wake naujua, mi mwenyewe niliwahi kupoteza karibu mkusanyo mzima wa miaka kadhaa kwa sababu hiyohiyo, nilijua nimezisevu makala kumbe nilichosevu ni anwani zake tu.

Umeuliza swali moja lakini humo ndani yamo matatu, na nadhani mkanganyiko wako wote unaanzia hapo. Kuna kusoma, yaani unataka ukurasa uwe msafi, herufi kubwa, matangazo yasikurukie machoni. Kuna kukumbuka, yaani umekutana na makala sasa hivi huna muda nayo, unataka uikute baadaye. Alafu kuna kutunza, yaani hata tovuti ikifa kesho, makala unayo. Hizi ni kazi tatu tofauti, na ekstensheni inayoweza moja vizuri mara nyingi zile nyingine inazigusagusa tu. Pocket ilikuwa nzuri sana kwenye kukumbuka, sisi wengi tukaichukulia kama ya kutunza, ndo maana ilipofungwa tarehe 8 Julai 2025 faili ulilotoka nalo lilikuwa orodha ya anwani na vichwa vya makala, makala zenyewe hazimo. Hukukosea popote wakati wa kutoa data zako, faili lenyewe ndivyo lilivyotengenezwa.

Lakini kabla ya makala tushughulike na hofu yako ya benki, hiyo haifai kusubiri.

Ekstensheni (kwenye menyu ya Kiswahili utaziona zimeitwa viendelezi) ni programu ndogo inayoishi ndani ya brauza. Ukifungua ukurasa, brauza inaujenga kwenye memori ya kompyuta yako, maandishi, picha, visanduku vya kujaza, kila kitu, na ekstensheni yenye ruhusa inaingiza kipande chake cha kodi (yaani maagizo ya programu, code) humohumo ndani ya ukurasa uliokwisha jengwa. Ikishaingia inaona unachokiona wewe. Inaweza kufuta tangazo, kukuza herufi, kunakili makala, na kwa uwezo uleule inaweza kusoma salio lako au herufi unazoandika kwenye kisanduku cha nywila. Watu wengi wanadhani ile alama ya kufuli pembeni ya anwani inawakinga na hili, haiwakingi, maana kufuli linalinda data ikiwa njiani kati ya kompyuta yako na seva ya benki, na ekstensheni haiko njiani, iko ndani ya nyumba tayari.

Sasa usiogope kupita kiasi pia. Lile onyo linasema inaweza, halisemi inafanya. Ekstensheni ya kusevu haina namna ya kunakili ukurasa bila kuusoma, kwa hiyo kuomba ruhusa peke yake sio dalili ya ubaya. Mi huwa naangalia vitu viwili, inaamka lini, na iko mikononi mwa nani.

Inaamka lini, maana zipo zinazopata ruhusa pale tu unapobonyeza kitufe chake, na kwa ule ukurasa ulio mbele yako tu, ukifunga basi. Na zipo zinazoingia kila ukurasa unaofungua, siku nzima, hata ule ambao huna mpango wa kuusevu. Kwenye Chrome na Edge uamuzi huu unaweza kuuchukua mwenyewe: fungua orodha ya viendelezi, ingia kwenye maelezo ya mmojammoja, tafuta sehemu ya ufikiaji wa tovuti, uibadilishe kutoka tovuti zote iwe unapobofya tu. Inachukua nusu dakika na kwa maoni yangu hakuna kitu kingine kitakachokupa usalama mwingi kwa kazi ndogo kama hiyo.

Iko mikononi mwa nani, hapa ndo watu wengi hawajui. Ekstensheni zinajisasisha zenyewe kimyakimya, hukubali wala hukatai. Chrome huwa inaizima na kukuuliza tena pale toleo jipya linapotaka ruhusa kubwa kuliko ya mwanzo, sasa ile ambayo siku ya kwanza ulishaipa tovuti zote haina kikubwa zaidi cha kuomba, kwa hiyo inaweza kubadilika tabia kabisa na usione onyo lolote. Ndivyo ilivyotokea kwa The Great Suspender, ekstensheni ya kupumzisha tabo, ya bure, iliyopendwa, yenye watumiaji zaidi ya milioni 2. Mwaka 2020 mwenyewe akaiuza, mmiliki mpya akaingiza kodi ya kutiliwa shaka, na Februari 2021 Google wakaiondoa dukani na kuizima kwenye kompyuta za watu. Nyota zake zilikuwa nzuri mpaka siku ya mwisho, maana nyota zinapimwa na watu waliofurahia kazi yake, hawakuwa wanakagua kodi. Kwa hiyo ukiniuliza kama wingi wa nyota ni ushahidi wa usalama, hapana, ni ushahidi kwamba inafanya kazi.

Rafiki yako ana ukweli nusu. Zipo za bure zinazoishi kwa kukusanya historia ya unachofungua, Stylish, ekstensheni ya kubadilisha mwonekano wa tovuti, iliondolewa kwenye maduka ya Chrome na Firefox mwaka 2018 kwa jambo hilohilo. Lakini zipo za bure ambazo kodi yake iko wazi, yeyote anaweza kuisoma, na hazina seva yoyote ya kupokea kitu chako, faili linatoka kwenye brauza linaingia kwenye folda yako mwisho wa habari. Kwa hiyo kabla hujaweka kitu jiulize huyu mtu anaishije. Kama ana seva za kutunza makala za mamilioni ya watu, umeme na mafundi wanalipwa na nani? Kama hana seva, gharama yake ni muda wake tu, na hapo bure inaelezeka.

Dirisha fiche nalo halifanyi kazi anayoidhania rafiki yako. Kazi yake ni kutohifadhi historia kwenye kompyuta yako, basi. Ila bila yeye kujua amegusa kitu cha kweli, kwenye Chrome na Firefox ekstensheni haziingii dirisha fiche mpaka wewe mwenyewe uziruhusu, kwa hiyo ukifungua benki humo zitakuwa zimelala, bora uhakikishe hujawahi kuziruhusu. Mi napendelea zaidi kutengeneza profaili ya pili ndani ya brauza, isiyo na ekstensheni hata moja, iwe ya benki na mambo ya pesa tu. Ukizoea hutarudi nyuma.

Uzito wa brauza unatokana na hayohayo niliyoyaeleza. Ekstensheni tano zinazoingia kila ukurasa maana yake kila ukurasa unafanyiwa kazi mara tano. Kwenye Chrome bonyeza Shift na Esc kwa pamoja itafunguka orodha inayoonyesha kila tabo na kila ekstensheni inakula memori kiasi gani, utaiona mwenyewe inayokutesa. Ile usiyokumbuka uliiweka ya nini, iondoe leo. Usiizime, iondoe kabisa.

Haya, tuje kwenye kusoma. Hapa nitakuwa mfupi maana kwa mtu kama wewe ekstensheni huihitaji. Firefox, Safari na Edge zote zina hali ya kusoma ndani yake, kwenye Windows ukibonyeza F9 kwenye Firefox au Edge ukurasa unasafika palepale, na Chrome tangu 2023 ina hali ya kusoma inayofunguka pembeni, iko ndani ya menyu ya vidoti vitatu. Asili yake ni kodi iliyoitwa Readability ya mwaka 2009, na Firefox mpaka leo inatumia mtoto wa kodi hiyo. Inachofanya ni kuupitia ukurasa kipande kwa kipande na kuvipa alama, kipande chenye aya ndefu na mikato mingi kinapata alama za juu, kilichojaa linki kinashushwa kwa sababu hiyo ni kawaida ya menyu na matangazo, mwisho chenye alama nyingi ndo kinaonyeshwa. Ndo maana wakati mwingine jedwali linapotea au aya ya kwanza haionekani, sio kwamba kuna kitu kimeharibika, kipimo tu kimekosea. Ekstensheni nyingi za kusafisha ukurasa zinapima kwa namna hiyohiyo alafu zinaongezea rangi na fonti.

Kwenye kusevu sasa, hapa tukae kidogo.

Kuna njia mbili za kusevu na kwa nje zinafanana kabisa, unabonyeza kitufe kinakwambia imesevu. Njia ya kwanza, ekstensheni inachukua anwani tu inaituma kwenye seva ya kampuni, na seva ndiyo inayokwenda kufungua ule ukurasa yenyewe. Njia ya pili, ekstensheni inanakili kile ambacho brauza yako imeshakijenga mbele yako. Tofauti utaiona siku unaposevu makala iliyotaka uingie na akaunti: seva haina akaunti yako, kwa hiyo inapokelewa na ukurasa wa kuomba nywila na huo ndo inausevu, wewe unakuja kugundua miezi sita baadaye. Njia ya pili inasevu ulichokiona. Kama umewahi kukuta makala imekatika aya mbili za juu alafu basi, sababu huenda ni hiyo.

Na pia jiulize nakala inakaa wapi. Ikikaa kwenye seva ya mtu, uhai wake ni uhai wa ile biashara. Pocket ilikuwa chini ya Mozilla, watengenezaji wa Firefox, sio watu wa mtaani, na ikafungwa. Omnivore, huduma nyingine ya kusevu makala, ya bure na kodi yake wazi, ilifungwa Novemba 2024 na watu wakapewa wiki chache tu kutoa vitu vyao. Nasema hivi bila kuwalaumu, kuendesha seva ni ghali, ila wewe uliyeumia mara moja usijenge tena juu ya kiwanja kilekile.

Kwa hiyo ningekuwa wewe ningeondoa zote tano na kubaki na SingleFile. Ni ya bure, kodi yake iko wazi, haitaki akaunti, ipo kwa Chrome, Firefox na Edge. Ukibonyeza inachukua ukurasa mzima, maandishi, picha, mpangilio, inaufunga kuwa faili moja la HTML (aina ya faili inayotumika kwa kurasa za intaneti) linaloingia kwenye folda yako ya vitu ulivyopakua, na faili hilo linafunguka na brauza yoyote hata bila intaneti. Picha inazigeuza kuwa maandishi na kuzipachika ndani ya faili, kila baiti 3 zinakuwa herufi 4, kwa hiyo usishangae faili likiwa zito kuliko ulivyotarajia, picha zinanenepa kwa karibu theluthi. Nayo inaomba ruhusa ya tovuti zote, nakwambia mapema usije ukashtuka tena, sababu ni kwamba picha na vipande vingine vya ukurasa mara nyingi vinatoka kwenye seva tofauti na ya tovuti yenyewe na inabidi ivifuate huko. Iwekee ile unapobofya tu, ukiona ukurasa fulani umetoka na mapengo ya picha unaweza kuiachia kwa tovuti ile peke yake. Ushauri mdogo, kabla ya kubonyeza shuka mpaka chini ya ukurasa, kwa sababu tovuti nyingi zinapakia picha pale tu unapozifikia. Video usitegemee, hazimo.

Udhaifu wake ni kwamba inakupa mafaili, haikupi maktaba. Mali bila daftari huisha bila habari, na mafaili mia nne yaliyorundikana kwenye folda moja ni karibu sawa na kutokuwa nayo. Tengeneza folda kwa mada, faili lipe jina lenye tarehe na mwandishi, alafu nakili folda nzima kwenye diski ya nje mara moja kwa mwezi, maana diski ya laptopu nayo inakufa.

Kama kazi yako ni ya utafiti, yaani unahitaji kutaja chanzo, tarehe, mwandishi, basi achana na hayo ya folda uweke Zotero na ekstensheni yake. Programu yenyewe ni ya bure, inakaa kwenye kompyuta, inajaza taarifa za makala yenyewe na kutunza nakala ya ukurasa, na nakala hiyo inaitengeneza kwa kodi ya SingleFile. Kwenye kompyuta yako unaweka kadiri diski inavyoruhusu, seva yao inakupa MB 300 za bure tu ukitaka mafaili yafike kwenye kompyuta ya pili. Kuizoea kunachukua wiki hivi, sitakudanganya. Kwa mtu anayesoma kujifurahisha naona ni mzigo mkubwa mno.

Kama tayari unatumia Obsidian kwa noti zako, ekstensheni yake ya kunakili kurasa ni nzuri sana, makala inakuja kama maandishi mepesi yanayotafutika, lakini kumbuka picha kwa kawaida zinabaki kuwa linki tu za kule zilikotoka, tovuti ikifa picha zimekwenda nayo. Raindrop.io na Instapaper ni za kukumbuka, zinafanya kazi hiyo vizuri na bure, ila kwa Raindrop nakala ya kudumu ya ukurasa iko kwenye kifurushi cha kulipia, na Instapaper kutafuta ndani ya maandishi ya makala ni cha kulipia pia. Zitumie kwa makala za kusoma jioni, usizikabidhi zile ambazo zikipotea utalia. Na kugeuza ukurasa kuwa PDF kupitia menyu ya kuprinti hakuhitaji ekstensheni yoyote, kwa ukurasa wa maandishi matupu inatosha kabisa, ule wenye mpangilio mgumu ndo unavunjikavunjika.

Kwenye simu, Chrome ya Android haipokei ekstensheni, ndo maana huzioni huko hata ukitafuta vipi. Firefox ya Android inapokea, tangu Desemba 2023 wamefungulia watengenezaji wote. Mi kwenye simu natuma linki tu kwangu mwenyewe, kusevu nafanya nikikaa kwenye kompyuta.

Kuna mambo ambayo majibu yangu ya maandishi hayatoshi, inabidi uende kwa mtu. Kama baada ya kuondoa zile ekstensheni utaona muamala usioujua au akaunti imeingiwa, tumia kifaa kingine kubadilisha nywila, alafu fika benki siku hiyohiyo, na kompyuta mpelekee fundi unayemwamini aikague mbele yako. Kama kompyuta ni ya ofisi, muone mtu wa IT kabla hujaweka au kuondoa chochote, nyaraka za kazi huenda zina masharti yake. Kama unatunza kurasa kwa ajili ya kesi, ongea na wakili kwanza, maana faili la HTML mtu yeyote anaweza kulihariri na mahakama inajua hilo. Na kama unatafuta hali ya kusoma kwa sababu macho yanauma au kichwa kinakugonga kila ukisoma, tafadhali kapime macho, usijitibu kwa kukuza herufi.

Sasa lile faili la Pocket, usilifute. Fungua tovuti ya Wayback Machine ya Internet Archive, wanakusanya kurasa tangu 1996, bandika linki iliyokufa uone kama wana nakala. Sio kila moja utaipata, ila zipo utakazozikuta nzima kabisa, na ukiipata isevu palepale kwa SingleFile kwa sababu hata wao Oktoba 2024 walishambuliwa wakawa hawapatikani kwa siku kadhaa. Hukohuko unaweza kuwaomba wahifadhi ukurasa ambao bado uko hai, ila kinachoingia kule kinaonekana na dunia nzima, kwa hiyo usipeleke kitu chenye jina lako au siri ya mtu. Linki zilizo hai kwenye faili lako zianze hizo kwanza, kabla ya zilizokufa, maana zilizokufa hazitakufa tena lakini hizi nyingine hujui zina siku ngapi. Watafiti wa Pew, kituo cha utafiti cha Marekani, walipochukua kurasa zilizokuwepo 2013 na kuzijaribu tena Oktoba 2023 walikuta asilimia 38 hazifunguki. Chagua kumi unazozihitaji zaidi uzisevu leo usiku, kesho kumi nyingine, na ukikwama popote niandikie unitajie brauza unayotumia na toleo lake.